Jembe Lililokuwa Breki

Zuberi Kitenge alilipwa jicho lake la kushoto kwa magari sita mabovu.

Jicho lilipotea mwaka 1943 katika karakana ya mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila. Zuberi alikuwa mhunzi wa karakana hiyo. Alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda Kasongo kumzika baba yake, akachelewa kurudi kwa sababu mto Luama ulifurika na kivuko kikasimama. Msimamizi, Mbelgiji aliyekuwa na homa tangu asubuhi, hakumwuliza lolote. Aliokota spana juu ya meza akampiga nayo usoni, kisha akampiga tena alipokuwa chini. Wenzake walimpeleka zahanati kwenye toroli la mawe. Daktari alisafisha tundu, akalijaza pamba, akasema atapona.

Wiki hiyohiyo mkaguzi wa kazi alitarajiwa kufika kutoka Kindu, na kampuni haikutaka akutane na mtu mwenye pamba usoni. Zuberi aliitwa ofisini akaulizwa anataka nini ili aondoke bila kelele. Akasema anataka mizoga ya malori iliyotupwa kwenye korongo nyuma ya mgodi. Makarani walicheka. Yalikuwa malori sita, hakuna lenye tairi, matatu hayana injini, na moja lilikuwa limeota mti ndani ya kibanda cha dereva. Walimpa yote.

Aliyakata vipandevipande, akayasafirisha hadi Kasongo kwa vichwa vya wapagazi, kwa mitumbwi na kwa mikokoteni. Aliondoka mgodini pia na fundi mwenzake aliyeitwa Célestin, mtu wa familia ya wakulima Wakristo nje ya Kasongo, ambaye Zuberi ndiye aliyemfundisha kazi ya moto. Célestin alimwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

Kasongo haikushangaa kumwona Zuberi akifungua kiwanda cha uhunzi. Baba yake alikuwa mhunzi wa kabila la Wazimba aliyeoa katika familia ya Waislamu wa mjini, na vijiji vya njia ya Kabambare vilikuwa vimelima na kuwinda kwa vyuma vyake muda mrefu. Zuberi alirithi nyundo yake. Alirithi pia miiko ya tanuri la ukoo, na mmoja kati ya miiko hiyo ulijulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kushika mvukuto. Kisu, mkuki au shoka lililomwua mtu halikuruhusiwa kurudi kazini. Ndugu wa marehemu walilidai kwa mhunzi aliyelifua, naye alilazimika kulitia motoni, kulifua upya liwe jembe, na kumkabidhi mjane au mama wa aliyekufa. Hapo damu ilihesabiwa kuwa imekwisha. Kabla ya hapo, ndugu walikuwa na haki ya kuitafuta kwa mikono yao, na mara nyingi waliipata.

Kilichowashangaza watu ni alichofua. Zuberi hakukarabati malori ya wengine. Alitengeneza gari lake. Uti wa gari ulikuwa reli nyembamba za mgodini, zilizounganishwa kwa ribiti, misumari minene iliyogongwa ikiwa ya moto. Kibanda kilikuwa cha mbao za mvule. Petroli ilikuwa haba, kwa hiyo injini iliendeshwa kwa gesi ya makaa, kutoka katika pipa la chuma lililosimama nyuma ya dereva likifuka moshi kama tanuri dogo. Breki zake hazikuwa za mafuta. Dereva alipokanyaga, nondo ndefu iliyopita chini ya gari ilivuta na kuyakaza magurudumu ya nyuma. Mbele aliweka chuma kilichopindwa kama pembe, na watu wakaliita Mbogo kabla hajaamua alipe jina gani.

Mbogo wa kwanza alitoka mwaka 1946. Zuberi alimpitisha mbele ya msikiti na mbele ya misheni asubuhi moja, makusudi, ili asitokee mtu wa kusema ni gari la upande fulani. Baada yake walitoka wengine. Wafanyabiashara wa Nyangwe walinunua wawili. Duka moja la Kabambare lilinunua mmoja. Zuberi alibaki na kadhaa wake mwenyewe kwa ajili ya kubeba mpunga, mawese na abiria kati ya Kasongo na Kabambare, na mdogo wake, Heri, akawa dereva wa kwanza. Kila Mbogo alikuwa na kibati cha shaba mbele chenye jina la Kitenge. Hakuna kampuni iliyosimama nyuma ya jina hilo, ya Ubelgiji wala ya mahali pengine popote.

Serikali ya Teritware, yaani ya wilaya, ilimpa ruhusa ya kutengeneza na kuendesha. Mtawala mwenyewe alipanda Mbogo hadi mtoni na kurudi, akashuka na masizi usoni, akicheka. Lakini ruhusa ilikuwa na sharti, na mkalimani alilisoma mara mbili ili lieleweke: siku Mbogo atakapomwua mtu kwa kasoro ya utengenezaji, ruhusa imekufa, na magari yote yatavunjwa.

Mtu aliyelisikia sharti hilo kwa makini zaidi alikuwa Lenaerts.

Lenaerts alikuwa mlowezi mwenye malori yaliyobeba pamba kutoka vijijini. Kabla ya Mbogo, mtu aliyetaka kufika Kabambare alikaa juu ya marobota ya pamba ya Lenaerts au alitembea. Watu walimwita Kisigino, kwa sababu hakupiga kwa mkono. Mtu akichelewa kupakia alimwangusha, kisha akamkanyaga mgongoni kwa kisigino cha buti. Mwanamume mmoja wa Kasongo alikojoa damu hadi alipokufa kwa kukanyagwa hivyo, na hakuna kesi iliyofunguliwa.

Vita vya barabarani vilianzia kwenye kivuko cha Luama, mwaka 1949. Malori ya Lenaerts yalikuwa yamepanga foleni, na Heri akafika na Mbogo aliyejaa wanawake wa sokoni.

“Ee, Mbogo!” alipiga kelele kiongozi wa wapakiaji wa Lenaerts. “Hapa wanyama wanapita mwisho!”

“Munyama huyu anabeba watu,” Heri akamjibu kutoka dirishani. “Nyinyi watu munabeba pamba. Sasa nani ni munyama?”

Wanawake walicheka. Hicho kicheko ndicho kilichomponza. Walimvuta Heri dirishani wakampiga kwa makasia ya kivuko mpaka meno ya mbele yakatoka, na mwanamke mmoja aliyemlalia ili kumkinga akavunjwa mkono. Kisha walimwaga makaa ya moto ya Mbogo ndani ya kibanda chake cha mvule. Gari liliwaka hadi jioni, na wenye kivuko waliota moto huo.

Zuberi hakwenda kushitaki. Wiki iliyofuata alikwenda kivukoni na mafundi wake, akamtafuta kiongozi wa wapakiaji, akamkuta anakula. Alimngoja amalize. Kisha mafundi walimshika, Zuberi akaulaza mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa daraja la kupandishia magari, akauvunja kwa ufito wa chuma, mahali pawili. “Huo ni wa yule mama,” alisema. “Meno ya Heri nitakudai siku nyingine.” Tangu hapo kila dereva wa Mbogo alibeba nondo chini ya kiti, na kila dereva wa Lenaerts alibeba panga, na ilikuwa bahati tu kwamba hakuna aliyekufa.

Lenaerts ndiye aliyebadilisha silaha. Alifika kiwandani kwa Zuberi mchana, akasimama nje bila kuteremka garini, akamwita Célestin kwa jina. Alimpa ukapita, usimamizi wa karakana yake, na nyumba ya matofali. Célestin alirudi ndani kuchukua shati lake.

“Unakwenda kwa Kisigino?” Zuberi aliuliza.

“Ninakwenda kwa nyumba, yaya. Hapa kwako mimi ni nani? Kibati kile mbele kimeandikwa Kitenge. Mikono ni yetu wawili, jina ni moja.”

“Ungeniambia.”

“Ningekuambia, ungeandika Célestin?”

Zuberi akarudi kwenye mvukuto. Mkewe, Amisa, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alisema baadaye kwamba hapo ndipo mumewe alipopoteza magari yake, na kwamba neno moja la ndiyo lingeyaokoa.

Mwezi wa tano mwaka 1950, siku ya soko la pamba, Heri alikuwa akitoka Kabambare na mzigo wa mpunga na abiria wachache. Kabla ya Luama barabara inashuka kilima kirefu, na chini yake kipo kijiji cha Wabangubangu ambako wakulima walikuwa wamejipanga na vikapu vyao kungoja mizani. Juu ya kilima Heri alikanyaga breki, na breki ikashika. Katikati alikanyaga tena. Alisikia mlio mmoja chini ya miguu yake, kama mfupa unavyolia ukivunjika, na kanyagio likazama bila kurudi.

Alipiga honi na kupiga kelele. Watu walikimbia pande zote mbili, isipokuwa mkulima aliyeitwa Raphaël, ambaye aligeuka kuchukua kikapu chake. Pembe za Mbogo zilimkuta kifuani na kumgandamiza kwenye nguzo ya mizani. Nguzo ilivunjika, yeye akabaki kwenye pembe. Walipomwondoa, upande mmoja wa mbavu ulibaki kwenye chuma. Wengine watatu walivunjika miguu.

Heri alishuka mwenyewe. Alipigwa kwa mawe ya mizani, kwa vikapu, kwa mikono mitupu. Aliyemwokoa ni Mzee Lusangi, mjomba wa marehemu, na hakumwokoa kwa huruma. Aliamuru afungwe kwenye mti karibu na maiti, akamtuma mtu mwenye baiskeli Kasongo.

“Mwambie mwana wa mhunzi chuma chake kimeua,” alisema. “Aje na nyundo.”

Mjumbe mwingine alikuwa amekwenda Kabambare kwa serikali, na jibu la serikali lilifika kwanza: ofisa atakuja kukagua, na mtu yeyote asiguse gari.

Zuberi alifika asubuhi kwa Mbogo mwingine. Alimwona mdogo wake mtini, jicho limefunga, mdomo umejaa damu kavu. Aliwasalimu wafiwa, akatoa sanda aliyokuja nayo, kisha akajilaza chali chini ya gari. Alikaa humo muda mrefu kiasi kwamba watu waliinama kumtazama.

Nondo ya breki ilikuwa imekatika nyuma ya pete inayoishikilia, mahali ambapo jicho halifiki bila kutafuta. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa laini na nyoofu, kazi ya msumeno wa chuma. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa imechanika. Mfereji wa msumeno ulikuwa umezibwa kwa mchanganyiko wa mawese na unga wa makaa, mweusi kama chuma chenyewe. Zuberi ndiye aliyebuni mchanganyiko huo, ili kuziba matundu ya kutu. Alikuwa amemfundisha mtu mmoja.

Alitoka na kwenda hadi kwenye mti.

“Kabambare ulilala wapi?”

“Nyuma ya soko,” Heri alisema kwa shida. “Célestin alikuja kutusalimia. Akasema amekumbuka kazi ya mikono yake, anataka kumwona Mbogo chini. Nilimwacha, yaya. Niliona ni mutu wetu.”

“Alikaa sana?”

“Tulikuwa tunakula.”

Sasa Zuberi alikuwa na kitu ambacho mahakama yoyote ingekielewa. Nondo ile peke yake ilitosha kuonyesha kwamba Mbogo hakuua kwa kasoro. Ingeyapa magari uhai, ingempeleka Célestin gerezani, na pengine ingemgusa Lenaerts. Aliifungua sehemu iliyokatika, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo kwa Mzee Lusangi. Mjane wa Raphaël, Emilienne, alikuwa ameketi pembeni kwenye mkeka, na kichwa cha mumewe kilikuwa kwenye mapaja yake.

“Nitavunja gari lote, baba,” Zuberi alisema. “Kila chuma kitaingia motoni, hapahapa. Lakini hii moja niachieni. Itazameni. Mutu ameikata kwa msumeno. Nataka Mzungu aione kwa macho yake.”

Mzee aliichukua nondo, akapitisha kidole gumba penye mkato. Akampa Emilienne, naye akafanya vilevile.

“Hii ndiyo iliyoua?” Mzee aliuliza.

“Ndiyo hii.”

“Basi hii ndiyo ya kwanza.”

“Baba, nikiichoma sina ushahidi.”

“Na mimi nina maiti inayonuka. Mzungu wako atakuja lini? Kesho? Kesho kutwa? Hawa vijana ninaowashika hapa, kaka zake marehemu, nitawashika mpaka jua lishuke. Likishuka na chuma kiko baridi, mudogo wako ni wao. Mimi nitakwenda kulala.”

Kaka zake Raphaël walikuwa wamekaa karibu na mti. Mmoja wao alikuwa ananoa panga juu ya jiwe, bila haraka, na kila baada ya muda alimpiga Heri kwa ubapa wake, kama mtu anavyojaribu ngoma.

Zuberi alirudi kumpa Heri maji. Heri alinong'ona: “Iko nondo ingine chini ya kiti. Tia hiyo. Watajua nini?”

“Mama yule ameigusa kwa kidole,” Zuberi alisema. “Atalima na jembe la uongo mpaka afe. Kunywa maji.”

Walimvunja Mbogo tangu adhuhuri. Pipa lake la makaa likawa tanuri, na mvukuto ukaazimwa kijijini. Zuberi aliitia nondo motoni yeye mwenyewe, ya kwanza kama alivyoambiwa, na watu waliomsogelea wanasema jicho lake zima lilikuwa linatoa machozi, ingawa moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine. Alipoipiga ikawa bapa, mkato wa msumeno ulionekana kwa mara ya mwisho kama mstari mweusi katika wekundu. Alipoikunja na kuipiga tena, mstari haukuwepo.

Alimpa Emilienne jembe likiwa bado na joto. Emilienne alilipima mkononi.

“Ni jepesi,” alisema.

Wakamfungua Heri. Raphaël alizikwa jioni hiyo.

Ofisa alifika baada ya siku mbili, akakuta majivu, mbao za mvule na rundo la vyuma vilivyopondwa. Alimfunga Zuberi pingu papo hapo.

Kesi ilisikilizwa Kasongo, katika chumba kilichojaa mpaka madirishani. Lenaerts alikaa mbele, mguu juu ya goti, akatoa ushahidi kwamba tangu mwanzo aliwaonya watu kuhusu magari ya porini. Célestin aliapa kwamba wiki ile alikuwa na homa, na hakutoka Kasongo. Daktari wa Lenaerts alithibitisha. Kisha Zuberi akaeleza habari ya msumeno.

“Nondo hiyo iko wapi?” hakimu aliuliza.

Zuberi alionyesha kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa na pingu. Emilienne, aliyeitwa kama mjane, alikuwa amekaa benchi la nyuma, na jembe lilikuwa magotini mwake.

“Iko pale. Kwa mama yule.”

Mkalimani alisita. Hakimu alimwamuru atafsiri, naye akatafsiri, na Wazungu wote chumbani wakacheka. Lenaerts alicheka mpaka akavua kofia na kujifuta macho. Weusi wengine pia walicheka, kwa sababu Wazungu wanacheka.

Emilienne alisimama. “Munacheka nini? Kidole changu kilipita juu yake. Ilikatwa kama muhogo. Upande huu laini, upande huu imechanika. Nani anachanika laini?”

“Mwanamke huyu ni fundi wa magari?” hakimu aliuliza.

“Mimi ni mwenye maiti,” Emilienne alisema. Polisi wawili walimshika mabega wakamketisha kwa nguvu, na jembe likaanguka sakafuni kwa kishindo kilichomstua hakimu.

Zuberi alihukumiwa kifungo kwa mauaji ya uzembe na kwa kuharibu ushahidi. Ruhusa ilifutwa. Magari yote yenye kibati cha Kitenge, hata yale ya Nyangwe na lile la duka la Kabambare, yaliletwa katika uwanja nyuma ya gereza ili yavunjwe. Wafanyabiashara waliyaleta wenyewe, kwa makaa yao wenyewe, nayo yakaingia uwanjani yakitoa moshi, moja nyuma ya jingine.

Gereza halikuwa na nyundo za kutosha. Askari walikwenda kuzichukua kiwandani kwa Zuberi, na kati yazo ikaja nyundo ya baba yake. Wafungwa walipangwa, Zuberi katikati yao, na kwa siku nyingi Kasongo ilisikia mvule ikipasuka na chuma kikilia. Kila ribiti aliyoipiga ilikuwa imetoka mkononi mwake. Aliyelegea alichapwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Zuberi hakulegea, na jambo hilo liliwachosha askari kuliko uvivu wa wengine.

Vyuma vilikuwa vimenunuliwa na Lenaerts. Asubuhi moja alimtuma Célestin na lori kuvichukua. Célestin alivaa kofia ya ukapita. Alisimama mbele ya Mbogo wa mwisho, ambaye alikuwa anakataa kuachana.

“Yaya,” alisema, na watu walisema aliongea kwa sauti ya kawaida, bila kejeli. “Piga nyuma ya pete. Pale ndipo palipo palaini.”

Wafungwa waliacha kupiga.

Zuberi alimtazama. Kisha akainama, akaiweka nyundo ya baba yake juu ya gunia tupu, taratibu, akaligeuza gunia ukingo ili nyundo isiguse udongo. Alipoinuka alimpiga Célestin kwa ngumi ya mdomo. Célestin alianguka kwenye ukingo wa mbao, na Zuberi akamkalia kifuani. Hakupiga kelele wala kutukana. Alipiga taya mpaka likahama upande, akapiga meno, akapiga pua mpaka haikuwa na umbo. Askari walimvunja mbavu mbili kwa vitako vya bunduki kabla hajamwachia. Nyundo ilikuwa karibu na mkono wake muda wote huo, na hakuigusa.

Siku iliyofuata alilazwa kifudifudi mbele ya bendera, na mbavu zake zilizovunjika, akachapwa. Mtawala, yuleyule aliyewahi kupanda Mbogo, alimwuliza kwa nini aliweka nyundo chini.

“Ile nyundo ni ya baba yangu,” Zuberi alisema. “Ningemwua nayo, ningelazimika kuiyeyusha. Sina nyingine.”

Jibu hilo liliandikwa kama kukiri kwamba alitaka kuua. Baada ya kifungo hakurudishwa nyumbani. Alipelekwa Kabambare kukaa chini ya macho ya serikali, na akakatazwa kwa maandishi kugusa chombo chochote chenye injini. Amisa alimfuata na sufuria zake. Heri hakuendesha tena gari. Célestin alipona, lakini taya halikurudi mahali pake, na maneno yake yalitoka kama uji. Lenaerts hakuwa na haja ya kapita asiyeweza kupiga kelele. Alimfukuza kabla mwaka haujaisha.

Kabambare, Zuberi alifungua tanuri dogo kando ya barabara na kufua majembe. Kila msimu, kabla ya mvua, Emilienne alitembea kutoka kijijini kwake kuja kulinoa lile la kwake. Halikuwa jembe zuri. Chuma cha nondo ni kigumu, na Zuberi alilifua kwa haraka, jua likiwa linashuka. Hakuna aliyependekeza libadilishwe.

Mwaka 1955 Emilienne alikuwepo hapo, ameketi kwenye gogo akingoja, jembe tayari limeshanolewa upande mmoja, lori la Lenaerts liliposimama mbele ya tanuri na springi iliyokatika. Lenaerts mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani. Alikuwa amenenepa. Alimtambua mhunzi, akamwambia afue springi.

Zuberi alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi yake, akaishika mbele ya uso wa Lenaerts.

“Nimekatazwa, Bwana.”

“Ninakuruhusu.”

“Muhuri huu si wa Bwana. Ni wa Teritware.”

Lenaerts alimwangusha kwa bega, kama alivyozoea, na akamkanyaga mgongoni, mahali pa mbavu za zamani. Zuberi alitoa sauti moja. Kisigino kiliinuka tena.

“Ongeza,” Emilienne alisema.

Alikuwa amesimama. Jembe lilikuwa juu ya bega lake, ameshika mpini kwa mikono miwili, na ule upande ulionolewa ulikuwa mweupe. Wapakiaji wa lori walimtazama, kisha wakatazama pembeni, na hakuna aliyesogea. Wengine wao walikuwa watu wa kijiji chake.

Lenaerts alilitazama jembe. Mahakamani alikuwa amelicheka kuliko wote. Sasa aliushusha mguu wake polepole, mpaka ukafika chini kando ya Zuberi, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa lori.

Lori lingekaa hapo mpaka mvua zianze. Zuberi alijiinua, akatema mate mekundu, akamnyooshea Emilienne mkono.

“Lete nimalizie upande wa pili,” alisema.